UZI: Unapita Hong Kong kwa biashara au unasubiri ndege? Toka hotelini, panda kilima kimoja

Kipima_Njia

Wakuu habari za leo.

Naishi Hong Kong kwa ajili ya kazi na nakutana na ndugu zetu wengi sana hapa, wengi wao wafanyabiashara wanaotoka au kwenda Guangzhou. Karibu wote ratiba yao ni moja. Wanafikia Chungking Mansions pale Tsim Sha Tsui, jengo la ghorofa 17 la mwaka 1961 ambalo ndani yake utasikia Kiswahili, Kilingala, Kihausa na Kiurdu kabla hata hujafika kwenye lifti. Wanazungukia simu na vipuri, wanakula biriani, wanapiga picha usiku na taa za majengo ng'ambo ya maji, wanaondoka. Ukiwauliza Hong Kong ikoje watakwambia ni msitu wa zege.

Inaniuma, maana hawajauona mji. Karibu asilimia 40 ya ardhi ya Hong Kong ni hifadhi zinazolindwa kisheria. Kuna milima, mabwawa, fukwe ambazo gari halifiki, nyani, nguruwe pori, chatu. Na huhitaji kampuni ya utalii wala kiongozi wa msafara. Unapanda treni ya chini ya ardhi, halafu basi, unashuka kituoni, unaanza kupanda. Hakuna geti wala kiingilio.

Naanza na njia moja ambayo ningempeleka mgeni yeyote mwenye nusu siku: Dragon's Back.

Chukua MTR, yaani hiyo treni ya chini ya ardhi, hadi kituo cha Shau Kei Wan, upande wa mashariki wa kisiwa cha Hong Kong. Toka nje utakuta stendi ya mabasi, panda basi namba 9, shuka kituo cha To Tei Wan. Mbele yako kuna ngazi za mawe na kibao cha ramani. Dakika kama ishirini za mwanzo ni kupanda ndani ya vichaka na mianzi, jasho linakutoka, huoni kitu. Halafu ghafla miti inaisha na unajikuta juu ya mgongo wa mlima, upepo wa bahari unakupiga usoni. Kushoto kwako kuna ghuba ya Tai Tam, kulia kijiji cha Shek O na ufukwe wake, mbele visiwa vimetapakaa mpaka macho yanachoka. Sehemu ya juu kabisa, Shek O Peak, ni mita 284 tu, kwa hiyo hata asiye na mazoezi anafika akienda taratibu. Siku za upepo mzuri utawaona watu wanarusha miamvuli ya kupaa kutokea pale, wanapita usawa wa macho yako.

Ukiendelea, njia inaingia tena msituni, kivuli kizuri, inakushusha hadi ufukwe wa Big Wave Bay. Jumla ni kama kilomita 8 na nusu, saa tatu hivi kwa mwendo wa kupumzika na kupiga picha. Pale chini unaoga baharini, unakula, unarudi mjini kwa basi dogo. Mwaka 2004 jarida la Time liliitaja kuwa njia bora ya kutembea mjini katika Asia nzima, na kwa maoni yangu hawakukosea.

Vaa raba zenye kashata nzuri chini. Maji yasipungue lita moja na nusu. Kofia. Nunua kadi ya Octopus ukifika tu, inalipa treni, mabasi, vivuko na hata duka la kona.

Nitaendelea na njia nyingine. Mwenye swali aulize, na waliowahi kutembea huku waongeze.

---

Mzigo wa Kariakoo

Mkuu uzi mzuri, ila weka tahadhari hii mapema kabla watu hawajaanza safari.

Hong Kong na China bara ni mipaka miwili tofauti. Ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong umeshatoka China. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ndiyo imekwisha, hurudi tena Guangzhou mpaka upate nyingine. Kuna jamaa tulikuwa naye hoteli moja Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, mzigo wake uko kwa fundi wa kufungasha, akasema anakwenda Hong Kong mara moja ajionee. Alipotaka kurudi, hakuna njia. Mzigo ikabidi usimamiwe na wenzake.

Kwa hiyo ukiomba viza, omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Na masharti ya Hong Kong yenyewe ni tofauti na ya China, angalia ya pasi yako kabla hujakata tiketi. Ukiwa na karatasi sawasawa safari ni rahisi: treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou Kusini mpaka West Kowloon ni kama saa moja tu. Ilianza Septemba 2018. Pasi inagongwa pande zote mbili hapo hapo ndani ya kituo cha West Kowloon.

---

Kipima_Njia

@Mzigo wa Kariakoo asante sana mkuu, hilo ndilo la kwanza kabisa. Wakuu msipite bila kusoma hapo juu.

---

Mama Nasri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nampeleka mama kwa matibabu Guangzhou na tutakaa Hong Kong siku chache wakati wa kurudi. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Kupanda mlima hawezi. Kuna pa kumtembeza akaona miti na kupata hewa bila ngazi? Na chakula cha halali kinapatikana?

---

Kipima_Njia

Waalaykum salaam dada. Mpe mama shikamoo yangu, Mungu amponye.

Pa kumpeleka papo, tena pazuri kuliko tunakopanda sisi vijana.

La kwanza ni Lugard Road, juu ya Victoria Peak. Mlima ni mita 552 lakini nyinyi hamtaupanda kwa miguu. Kuna treni ya kuvutwa kwa waya, Peak Tram, inayofanya kazi tangu 1888. Ila foleni yake ni ndefu, na kwa mama ningechagua basi namba 15 kutoka Central au teksi. Ukishafika juu, usiishie kwenye maduka. Pembeni tu ndipo inapoanzia njia ya lami inayozunguka kilele, Lugard Road kisha Harlech Road, jumla kama kilomita 3 na nusu, tambarare karibu yote. Sehemu yake imejengwa kwenye ubavu wa mlima juu ya nguzo za zege, chini yako ni korongo lenye miti. Kuna miti mikubwa ya mpira ya zamani imeshusha mizizi ya hewani mpaka ardhini, imeshikana kama mapazia, watu wanapita katikati yake. Halafu miti inafunguka na bandari nzima iko chini, Kowloon ng'ambo na safu ya milima nyuma yake. Mama akichoka kuna viti, na si lazima mmalize mzunguko. Sehemu nzuri kuliko zote haiko mbali na mwanzo wa njia. Nendeni asubuhi, saa mbili au tatu, kabla watu hawajajaa na ukungu wa mchana haujafunika.

La pili ni Nan Lian Garden, kituo cha MTR cha Diamond Hill. Bustani ya mtindo wa enzi ya Tang, hekta 3 na nusu, ilifunguliwa 2006, kiingilio bure. Mabwawa ya samaki, miti iliyofinyangwa kwa miaka mingi, mawe yaliyochaguliwa moja moja. Kando yake kuna nyumba ya watawa wa Kibudha, Chi Lin, iliyojengwa kwa mbao zilizounganishwa kwa kuchongewa, bila misumari.

La tatu liko karibu na mtakapolala kama mtafikia Tsim Sha Tsui: Kowloon Park. Ina bwawa la heroe, ndege, vivuli, wazee wanafanya mazoezi alfajiri. Na msikiti mkubwa wa Kowloon uko pale pale ukingoni, barabara ya Nathan. Msikiti wa kwanza eneo hilo ulijengwa 1896, huu wa sasa ni wa 1984.

Chakula cha halali: Chungking Mansions kuna migahawa ya Kipakistani na Kihindi. Lakini mpeleke mama Wan Chai, msikiti wa Ammar, barabara ya Oi Kwan. Ghorofa ya tano kuna mgahawa unaopika vyakula vya Kichina kwa nyama ya halali, vile vya kupikwa kwa mvuke kwenye vikapu vidogo vya mianzi. Ni nadra mgeni Mwislamu kupata nafasi ya kuonja chakula cha wenyeji chenyewe, si biriani kila siku.

---

Mama Nasri

Allah akulipe kheri kaka. Mama kasikia habari ya heroe kafurahi, utotoni alikulia karibu na ziwa Natron.

---

Ssebo_KLA

Habari kutoka Kampala. Hiyo Lugard Road imenishtua kidogo. Ni Lugard yule yule?

---

Kipima_Njia

Ndiye huyo huyo ssebo. Frederick Lugard. Desemba 1890 aliingia kwenu na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, akajenga ngome kwenye kilima cha Old Kampala, akamwekea Kabaka Mwanga mkataba mbele asaini. Miaka michache baadaye akaenda Nigeria, halafu kuanzia 1907 mpaka 1912 akawa gavana wa Hong Kong. Chuo Kikuu cha Hong Kong kilianzishwa 1911 wakati wake.

Mimi nikipita njia ile huwa nawaeleza ninaotembea nao. Watalii wanaipita kwa maelfu wakipiga picha, hawajui kwamba jina hilo kwetu lina habari nyingine, ya bunduki za Maxim na vita vya Mengo vya 1892.

---

Ssebo_KLA

Asante. Pale ilipokuwa ngome yake Old Kampala sasa pana msikiti mkuu wa taifa, na unapanda mnara wake unaona vilima vyote vya mji. Basi nikifika Hong Kong nitaitembea hiyo barabara yake pia, nione alikuwa anatazama nini.

---

MlimaNgong

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Sisi huku hiking ni kila Jumamosi: Ngong Hills, Karura, Longonot. Mita 284 ni nzuri kwa wageni lakini mimi nataka kitu cha kunitoa jasho. Nakuja Oktoba kwa maonyesho ya biashara ya Canton kule Guangzhou halafu nitakuwa na wikiendi moja Hong Kong. Nipe ile ngumu.

---

Kipima_Njia

Karibu sana. Oktoba umepiga ndipo: kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba mvua imepungua, unyevu umeshuka, mbingu safi. Kutoka Mei mpaka Septemba joto na unyevu vinachosha vibaya, na mtu aliyezoea hewa ya Nairobi anaweza kudhurika kweli.

Kwako nina mbili.

Siku ya kwanza, Lantau Peak, kisiwa cha Lantau. Mita 934, mlima wa pili kwa urefu hapa baada ya Tai Mo Shan wenye 957. Usiudharau kwa kuwa Ngong iko juu ya mita 2,400. Nyinyi mnaanza kutembea mkiwa tayari juu. Hapa unaanzia chini, kwenye mita mia tatu na kitu tu, na mengi ni ngazi za mawe. Anzia Pak Kung Au, panda mpaka kileleni, shukia Ngong Ping ambako kuna sanamu ya Buddha ya shaba, mita 34, iliyokamilika 1993. Upande wa kushukia Ngong Ping ni mkali mno, magoti yatazungumza. Wenyeji wengi wanapanda usiku kwa tochi za kichwani wakaone jua likichomoza. Kileleni kuna baridi na upepo hata siku ambayo mjini watu wamevaa fulana, kwa hiyo beba koti jepesi.

Siku ya pili, Sai Kung, sehemu ya pili ya MacLehose Trail. Njia nzima ni kilomita 100 zilizogawanywa sehemu kumi, ilifunguliwa 1979 na imepewa jina la gavana aliyeisimamia sheria ya hifadhi ya 1976. Sehemu ya pili inaanzia kwenye bwawa la High Island, inapita ufukwe wa Long Ke, inapanda Sai Wan Shan, inashuka fukwe za Tai Long Wan. Mchanga mweupe, mawimbi, ng'ombe wasio na mwenyewe wamelala ufukweni. Ukifika Ham Tin kuna kibanda cha chakula na kidaraja cha mbao chembamba cha kuvuka kijito. Ukiwa bado una nguvu, kuna Sharp Peak, mita 468, kokoto za kuteleza tupu. Hicho kipande usikipande peke yako.

---

Jiwe_la_Msingi

Mwalimu wa jiografia hapa. Kipima_Njia umetaja bwawa la High Island ukapita haraka. Tueleze, pale si ndipo penye nguzo za mawe?

---

Kipima_Njia

Ndipo, mwalimu, na nashukuru umeuliza kwa sababu pale ningekaa siku nzima.

Miaka kama milioni 140 iliyopita eneo lile lilikuwa volkano kubwa. Ililipuka, majivu ya moto yakajaa kwenye shimo lake kwa kina kikubwa, yakashikana, yakapoa polepole. Yalipokuwa yanapoa yakawa yanasinyaa na kupasuka, na mipasuko ikajipanga yenyewe kwa pande sita. Matokeo yake ni ukuta wa nguzo za mawe zilizosimama wima, zimebanana, kila moja unene wake ni zaidi ya mita. Sehemu nyingi duniani zenye nguzo za namna hii mwamba wake ni basalti nyeusi. Hizi ni za rangi ya njano na hudhurungi, za majivu yenye silika nyingi (madini yaliyo kwenye mchanga na kioo), na ndiyo maana wanajiolojia wanakuja kutoka mbali.

Ukisimama kwenye ukuta wa mashariki wa bwawa, tazama kwa makini upande wa mwamba. Utaona nguzo ambazo hazikusimama wima, zimepinda katikati mfano wa herufi S. Zilisukumwa zikiwa bado hazijagumuka sawasawa. Weka kiganja kwenye jiwe, utafuata pembe zake kwa vidole mpaka pale linapoanza kulala. Na kando yake kuna mshipa wa mwamba mweusi umepenya katikati, uliingia baadaye kupitia ufa.

Eneo lote ni jiopaki, yaani hifadhi ya urithi wa miamba: liliingia mtandao wa jiopaki za dunia 2011, na tangu 2015 ni jiopaki ya UNESCO. Tanzania nasi tunayo ya aina hiyo, Ngorongoro-Lengai, iliyoingizwa 2018. Mwalimu, wanafunzi wako wakilinganisha majivu ya Oldoinyo Lengai na haya ya Sai Kung wana somo zima hapo: volkano moja bado hai na lava yake ni ya aina ya pekee duniani, nyingine imekufa zamani sana na maji ya kunywa ya mji yamehifadhiwa juu yake. Maana bwawa lenyewe, lililokamilika 1978, lilipatikana kwa kuziba mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara kwa kuta mbili, wakatoa maji ya chumvi, wakajaza ya mvua.

---

Bandarini

Samahani niseme ukweli wangu. Nimefanya biashara hiyo njia miaka mingi. Kwetu tuna Udzungwa, Usambara, Uluguru, Amani, na wengi wetu hatujawahi kufika. Mtu atoke Tanzania aende kutembea vichakani China? Akitaka msitu si aanzie kwao?

---

Kipima_Njia

Mkuu hoja yako naiheshimu na nusu yake nakubaliana nayo. Udzungwa haina mfano huku, na vinyonga wa Usambara hawapatikani kokote kwingine.

Lakini simwambii mtu akate tiketi kutoka Dar ili aje kuona vichaka. Namwambia aliye hapa tayari. Mzigo unafungashwa, ndege ni kesho usiku, amekaa chumba cha Chungking kisicho na dirisha anaangalia simu. Huyo ana saa sita za bure na nauli ya basi.

Na kuna jambo la pili ninalotaka watu wetu walione kwa macho. Vilima hivi vilikuwa vipara. Baada ya vita vya pili vya dunia watu walikuwa wamekata kila mti kwa kuni. Msitu mwingi unaouona leo ulipandwa, na sababu kubwa ilikuwa maji: bila miti kwenye vilima, mabwawa yanajaa udongo. Halafu ikaja sheria ya 1976, wakaweka mipaka ya hifadhi, na katika mji ambao kipande cha ardhi kina bei kuliko karibu popote duniani, mipaka hiyo imesimama kwa sehemu kubwa. Mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino au Indonesia, mwenye siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, anapanda basi anakwenda mlimani na marafiki zake na chakula chao. Mzee wa miaka themanini anapanda kila alfajiri.

Dar tuna Pugu na Kazimzumbwi, karibu kabisa na mji. Nauliza kwa dhati: basi la kukushusha mlangoni liko wapi? Kibao cha ramani kiko wapi? Natamani mfanyabiashara aliyetembea Dragon's Back arudi akaulize swali hilo kwa diwani wake.

---

Bandarini

Hapo umenielewesha. Hilo la Pugu ni kweli kabisa, mimi naishi Gongo la Mboto na sijawahi kuona hata kibao. Endelea mkuu.

---

Binti wa Ushirombo

Mimi ni mwanafunzi Shenzhen. Mwanamke akienda peke yake kuna usalama? Na nyoka je?

---

Kipima_Njia

Dada yangu, wanawake wengi wanatembea peke yao hapa na njia maarufu zina watu wikiendi nzima. Ila katikati ya wiki njia za mbali kama Sharp Peak zinakuwa tupu kabisa, hizo nenda na mwenzako.

Hatari zenyewe ni hizi. Joto, ndilo linaloangusha watu wengi. Kupotea jioni, kwa hiyo hesabu muda wako vizuri. Wakati wa baridi jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Na hali ya hewa. Mamlaka yao inatangaza vimbunga kwa namba: 1, 3, 8, 9, 10. Namba 3 ikipandishwa usiende mlimani. Ikifika 8 mji mzima unafungwa, mabasi na vivuko vinasimama. Mvua kubwa zina rangi: njano, nyekundu, nyeusi. Weka programu yao ya hali ya hewa kwenye simu kabla hujatoka.

Nyoka wapo, wakiwemo chatu, swila na nyoka wa kijani wa mianzini. Kaa kwenye njia, piga hatua za kusikika, usiingize mkono kwenye majani. Ni nadra mtu kuumwa.

Kitu cha kukumbuka: kwenye njia kuu nne ndefu kila mita 500 kuna nguzo ndogo yenye herufi na namba. M kwa MacLehose, L kwa Lantau, H kwa Hong Kong Trail, W kwa Wilson. Ukipiga 999 unawasomea namba ya nguzo tu, wanajua ulipo. Jizoeze kuipiga picha kila unayoipita.

Na usipite Kam Shan ukiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ni bustani ya nyani, wanajua mfuko una chakula, watakuvamia. Usiwalishe hata karanga moja: tangu Agosti 2024 faini ya papo kwa papo ni dola za Hong Kong 5,000, na ukifikishwa mahakamani inaweza kufika 100,000 na kifungo.

Mapipa ya taka yaliondolewa njiani, kwa hiyo taka zako unarudi nazo mjini.

---

Mwana wa Pemba

Salaam. Nami nilipita huko nikiunganisha ndege. Nataka kuwaambia watu wa mwambao wasikose Tai O.

Ni kijiji cha wavuvi mwisho wa kisiwa cha Lantau. Kutoka Tung Chung unapanda basi namba 11, au kutoka Ngong Ping namba 21. Nyumba zimejengwa juu ya maji, zimesimama kwa nguzo kwenye mkondo, mabati yamepakwa rangi ya fedha, mashua imefungwa chini ya sebule. Maji yakijaa yanagonga mbao, yakitoka unaona tope na kaa wanakimbia, na upande wa pili kuna mikoko.

Nilisimama kwa bibi mmoja anayekausha samaki nje ya mlango wake. Samaki kawapasua, kawatia chumvi, kawatandaza kwenye ungo mkubwa wa mianzi, anawageuza mmoja mmoja kwa ncha za vidole huku anafukuza nzi kwa upande wa kanga, yaani kitambaa alichojifunga kiunoni. Nikamwonesha kwenye simu picha ya ng'onda wetu kule Wete. Akaita jirani zake waje waone. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini aliinusisha pua yake kwenye simu kuuliza kama nao wananuka, nami nikaitikia kwa kichwa. Akacheka, akanikatia kipande nionje.

Wanatengeneza pia uduvi uliosagwa kwa chumvi, unakaushwa juani mpaka uwe rangi ya zambarau. Wameniambia uduvi wenyewe siku hizi wanaununua nje, kwa sababu tangu mwisho wa 2012 kukokota nyavu chini ya bahari kumepigwa marufuku katika maji ya Hong Kong. Kwa sisi wavuvi hilo ni jambo la kulifikiria. Kijiji kimepoteza uvuvi wake wa uduvi ili samaki wapate kurudi. Pomboo wao weupe wamepungua sana hata hivyo.

---

Kipima_Njia

Sheikh umeeleza kuliko ambavyo ningeweza mimi. Tai O wikiendi inajaa sana, nendeni siku za kazi.

---

Rubani wa Ndoto

Swali la mwisho kwangu. Nitakuwa na saa kumi na moja uwanja wa ndege Hong Kong mwezi wa kumi na moja, naelekea Vancouver. Saa kumi na moja nzima kukaa kwenye kiti siwezi. Inawezekana kutoka?

---

Kipima_Njia

Inawezekana, mradi pasi yako inakuruhusu kuingia. Na una bahati, maana uwanja wenyewe uko Lantau, hapo hapo kwenye milima.

Toa saa tatu za mwisho kwa ajili ya kurudi na ukaguzi, toa saa moja ya uhamiaji na kuweka begi sehemu ya kuhifadhi mizigo pale uwanjani. Unabaki na saa saba. Basi S1 hadi Tung Chung, dakika chache. Hapo chagua: gari la kebo la kwenda Ngong Ping, kilomita 5.7, dakika 25 ukiwa juu ya ghuba na milima. Au basi namba 23, kama dakika 50 na bei nafuu zaidi. Gari la kebo husimama upepo ukizidi, kwa hiyo ulizia kabla hujapanga foleni.

Ukifika panda ngazi 268 mpaka miguuni pa Buddha. Halafu, watalii wengi wakigeuka kurudi, wewe fuata kibao cha Wisdom Path. Ni mwendo wa robo saa kupita bustani ya chai ya zamani. Utakuta magogo makubwa 38 yamesimamishwa mlimani, yamechongwa maandiko ya Kibudha, Lantau Peak nyuma yake. Kaa hapo, kula ulichobeba. Nyumba ya watawa ya Po Lin nayo inauza chakula cha mboga tupu.

Kama umebaki na saa mbili kamili au zaidi mkononi, shuka na basi 21 mpaka Tai O, urudi Tung Chung na namba 11. Kama hazijafika mbili, usijaribu. Barabara ni nyembamba na mabasi yanapishana kwa kusubiriana.

Novemba pale juu kunapiga upepo, toa sweta kwenye begi kabla hujaliacha uwanjani.

---

Rubani wa Ndoto

Safi sana. Nimeandika namba za mabasi kwenye daftari, nikirudi naleta picha hapa.

---

MlimaNgong

Na mimi nimeshakata tiketi. Swali dogo: kufika ukuta wa mashariki wa bwawa Jumapili nafikaje?

---

Kipima_Njia

Jumapili ni rahisi. Diamond Hill, basi 96R, shuka Pak Tam Chung. Magari binafsi hayaruhusiwi kupita hapo, ila Jumapili na sikukuu kuna basi dogo 9A linalofika mpaka ukutani. Foleni yake inaanza mapema, uwe pale saa tatu asubuhi. Ukilikosa, chukua teksi ya kijani na mgawane nauli na wengine walio kwenye foleni. Kuna watu wanne kila mara wanaotafuta wa tano. Jaza maji Pak Tam Chung, kuna mashine ya bure kwenye kituo cha wageni. Baada ya hapo hakuna duka mpaka ufukwe wa Sai Wan.